Mawimbi yakivuta kamba, nisubirije mita tano?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi na wenzangu wawili tunazamia samaki wa mapambo hapa Kibirizi, Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Tajiri mmoja ametupa kazi ya kutoa mashine kwenye boti iliyozama mita 28. Kusi limeanza, ziwa limechafuka. Nikipanda na kufika mita tano nisubiri dakika tatu, kamba ya nanga inanirusha juu chini mpaka naiachia. Wenzangu wanasema huko kusubiri si lazima. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, usiwasikilize. Ukiwa chini, naitrojeni ya hewa unayovuta hukuingia damuni na kwenye nyama za mwili kama chumvi inavyomwingia mgebuka. Kutoka kwake kunataka muda. Ukiibuka haraka inageuka mapovu humo humo mwilini, na mita chache za mwisho ndizo mbaya kuliko zote.

Nami nilikuwa kijana wa kubeba mashine. Kamba ilinichubua kiganja, nikaiachia, nikajikuta juu. Sikusikia kitu. Jioni bega la kulia likaanza kuuma, nikalichua kwa mafuta nikidhani ni uzito wa kazi. Asubuhi nikapanda gari kwenda msibani Kasulu. Tulipoanza kukwea milima, maumivu yakashuka mpaka mkononi, na kule msibani nilishindwa kushika kijiko. Hadi leo vidole viwili vya mwisho havisikii mshipi samaki akidonoa.

Hilo la milima wengi hawalijui. Ziwa letu lenyewe liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kuzamia ya kawaida, yale yanayoonyesha dakika za kukaa kwa kila kina, ni ya baharini. Kuanzia mita 300 juu ya bahari lazima yarekebishwe. Kwa mita 28 zenu someni mstari wa mita 33. Mimi nisingekaa chini zaidi ya dakika 12, na nisingerudia siku hiyo hiyo. Kupanda kusizidi mita 9 kwa dakika. Mkimaliza, msikwee Kasulu wala kupanda ndege kabla ya saa 24.

Sasa kamba. Usipande kwa kamba iliyofungwa kwenye boti, maana boti ikiinuka na wimbi inakuinua nawe. Shusheni uzito wenye kamba yake na boya lake. Halafu kila mtu awe na kipande cha kamba cha mita mbili au tatu chenye kulabu. Unakitia kwenye kamba kubwa, unashika ncha ya pili: kamba kubwa inaruka, wewe umetulia mbali nayo kidogo. Mawimbi yakiwa makubwa subiri mita 6, na uongeze dakika. Ikishindikana kabisa, pandisha boya dogo, elea nalo, boti ikufuate. Basi nahodha aambiwe mapema. Hewa igawe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, la tatu halina ruhusa ya kuguswa ila kwa dharura.

Mwenzenu akilalamika viungo, ganzi, kizunguzungu au miguu kulegea, msimrudishe majini. Mlazeni, apewe oksijeni safi, afikishwe hospitali. Mtungi wa oksijeni uwe botini kabla hamjashuka, na mjue chumba cha mgandamizo cha karibu, kile cha kutibu mapovu hayo kwa shinikizo la hewa, kiko wapi.

Naye tajiri mwambieni asubiri kusi litulie. Wajerumani waliizamisha meli yao Goetzen katika ziwa hili hili mwaka 1916, mashine zikiwa zimepakwa grisi. Ilitolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Ya kwenu haikupakwa grisi, lakini maji yetu hayana chumvi ya bahari. Miezi miwili haitaiua.