Ua jeupe si tusi kwa askari

Ndugu, umeuliza kama wanaovaa ua jeupe la popi Uingereza kila Novemba wanawadharau askari waliokufa. Hapana, na historia yake inaonyesha hivyo.

Ua jekundu la popi, ambalo wengi huko huvaa kuwakumbuka askari waliokufa vitani, lilianza kuuzwa mwaka 1921 kuwachangia askari wa zamani na familia zao. Ua jeupe lilikuja mwaka 1933, likaletwa na akina mama wa chama cha ushirika, Co-operative Women's Guild. Wengi wao walikuwa wamefiwa na waume, wana na kaka katika Vita Kuu ya Kwanza. Mtu aliyemzika mwanawe, au hata hakupata kaburi la kulilia, utamwambiaje anadharau wafu? Walichohofia ni vita nyingine, na miaka 6 baadaye ikaja kweli.

Leo ua jeupe linasambazwa na Peace Pledge Union, chama cha Uingereza cha wapinga vita. Linawakumbuka waliokufa wa pande zote, raia pamoja na askari, na anayelivaa anatamka kwamba hataki vita. Wapo wanaovaa yote mawili, na hakuna kinachowazuia.

Mimi hilo la "wote" ndilo linalonigusa. Jina Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hiyo ya kwanza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na malaria, wengi bila kaburi lenye jina. Hawakushika bunduki, na ni wachache wanaowataja tarehe 11 Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani.