Maswali ya wasomaji: Kiingereza nnacho, chemsha bongo inanishinda

SWALI: Asalaam aleikum. Mie nafanya kazi hoteli Nungwi, mgeni mmoja Muingereza kaondoka kaniachia kitabu cha chemsha bongo, zile za kujaza herufi kwenye vijumba. Yeye alikuwa anamaliza moja kabla chai haijapoa, mie wiki ya tatu hii nimejaza maneno mawili na moja nna wasiwasi nalo. Na Kiingereza nakijua, nazungumza na wageni kutwa. Kuna kidokezo kimeandikwa Gegs basi, herufi 9 kisha 4, nimepekua kamusi hakuna neno hilo. Hivi hawa watu wananicheza shere au mie ndo mzito?
Kijana wa Nungwi

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Wanakucheza shere, na raha yenyewe ndo hiyo. Hebu itazame tena hiyo Gegs, usiisome, itazame tu. Ni eggs, herufi zake zimevurugwa. Jibu scrambled eggs, yale mayai unayowapelekea mezani kila asubuhi! Najua ushapiga kofi paja.

Tatizo lako unakisoma kidokezo kama mtu anayekwambia jambo, na yeye hakwambii jambo, anakupoteza. Kwa kawaida kina vipande viwili, kimoja ndo maana ya jibu, mara nyingi kinakaa mwanzo au mwisho, kipande cha pili mchezo wa herufi, na ufundi wa mtungaji ni kuuficha mshono usijue kimoja kinaishia wapi. Wewe tafuta mshono. Ukiona flower usikimbilie ua, wao wanakusudia kitu kinacho-flow, kinachotiririka, yaani mto, basi pengine jibu ni Thames.

Na wala si mchezo mgeni kwetu. Hukuwa na dada wakubwa nyumbani, wakitaka kusengenya mbele yako wanasema kinyume, nyumba inakuwa mbanyu, mbuzi anakuwa zimbu, na wewe umekaa hapo na skonzi yako huelewi kitu? Waingereza nao vivyo hivyo. Chemsha bongo ya kwanza ilitoka gazetini New York mwaka 1913, ya maana za wazi tu, hizi za kupotezana zilishika Uingereza, na mwaka 1926 akaja mtungaji wa gazeti la Observer aliyejiita Torquemada, jina la mkuu wa watesaji wa Hispania wa zamani, ujue mtu kakusudia nini. Mwengine kaanza 1972 kajiita Azed. Lisome kutoka nyuma. Deza, mtesaji mwengine wa huko huko Hispania! Yaani hata jina lake kinyume.

Ila sitokudanganya, kuna pahala utakwama na si kosa lako. Neno leg linaweza kusimama badala ya on, kwa sababu kwenye kriketi upande mmoja wa uwanja una majina yote mawili, baharia kila siku ni AB (kifupi cha cheo chake melini) au tar (jina lake la mtaani), sasa mtu wa Nungwi aliyezaliwa na mabaharia atayajulia wapi hayo. Hayo unayakariri tu kidogo kidogo, mie yalinichukua miaka na bado yananitoa jasho.

Anza kwa kutunga yako ya Kiswahili, utajifunza haraka zaidi. Mie nilitunga hii: Kisu cha Muomani na nusu ya nini ufukweni? Herufi 8. Kisu ni jambia, nusu ya "nini" ni "ni", unganisha upate Jambiani, kijiji cha ufukweni Unguja. Nyengine: Hali majani, hana maziwa, lakini ndiye mtoa tui. Herufi 5. Huyo mbuzi wa kukunia nazi, ingawa siku hizi blenda imemstaafisha, na tui lenyewe (nisilaumiwe) halina ladha ile.

SWALI: Mume wangu anajaza chemsha bongo na kamusi pajani. Mie namwambia huo wizi, yeye hataki. Nani mkweli?
Mama wa Chake

JIBU: Bi mkubwa, hapa nitakuudhi. Kamusi si wizi, huyo Azed mwenyewe aliwashauri watu wawe na kamusi ya Chambers, maneno yake mengine hata Waingereza hawayajui. Lakini ukimkuta anaiuliza simu jibu zima zima, hapo mkamate, huko ni kumtuma mtu akakulie pilau.

Na wewe kijana, nakuachia hii, herufi 5, na usiipeleke kwa wenzako wa hoteli: Ukifika kijiji hiki cha Unguja ziba macho. Jibu wiki ijayo.