Ukienda kununua manemane, chukua na glasi ya maji

Safari yangu ya kwanza ya Isiolo kununua manemane nilirudi Mombasa na kilo mbili za gundi. Shangazi alikuwa na mzazi ndani, chetezo kishawaka, anangoja mafusho. Nikatia punje mbili juu ya kaa. Zikaungua kimya kimya, harufu hakuna. Shangazi akanitazama: "Mwanangu, huu si mgunga?"

Ulikuwa mgunga.

Manemane ni utomvu wa kufukizia, hutoka kwenye kijiti cha miiba cha nchi kame, kaskazini mwa Kenya, Somalia, Ethiopia, hadi Yemen ng'ambo ya bahari. Muda mwingi hakina hata majani. Huku kwetu wanaoyachuma ni wachungaji, wengi wao kina mama na watoto: wanafuata mbuzi, wakiona chozi limeganda kwenye gome wanalibandua. Mbuzi naye hachagui kijiti, kwa hiyo jioni mfuko mmoja una gundi ya mgunga, hagar (utomvu wa kijiti jamaa ya cha manemane), manemane na vipande vya magome. Mchanganyiko peke yake si wizi. Ila yule aliyeniuzia mimi alijua anachofanya.

Safari ya pili nilikaa na mama mmoja anayechambua mizigo, akanifundisha. Alipasua punje, akanionyesha ndani: hudhurungi iliyoiva, inang'aa kama imepakwa mafuta, na mistari myeupe. Akaniambia nionje. Uchungu ulinikaa mdomoni mpaka chai ya saa kumi. Gundi ya mgunga haina uchungu huo. Halafu akaomba maji, akatia punje mbili za kila aina, nasi tukaendelea na mazungumzo. Gundi iliyeyuka ikaisha, maji yakawa mazito lakini safi. Manemane yaliyageuza maji yakawa kama maziwa yaliyozimuliwa, na utomvu ukabaki chini, maana huo hauyeyuki kwa maji. Juu ya kaa pia utayajua: ubani huyeyuka ukatiririka, manemane hufura.

Hagar ndiyo itakayokusumbua. Inafanana na manemane, na harufu yake ni tamu zaidi. Si takataka, wafugaji huikoroga kwa maji wakaogeshea mifugo yenye kupe. Lakini inunue kwa jina lake.

Nyumbani mimi nalowesha punje chache usiku, asubuhi nasukutua nikiwa na vidonda vya fizi, kisha natema. Kwa mafusho, punje moja yatosha chumba kizima, na fungua dirisha, hasa kama kuna mwenye pumu. Kunywa ni jambo jingine. Mjamzito asiyanywe kabisa. Bibi zetu walijua kwamba yanashusha damu ya hedhi, ndiyo maana waliyaweka hadi mtu ajifungue. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda au za sukari amuulize daktari kwanza.

Usiyaweke kwenye mfuko wa plastiki juani. Niliwahi kuuacha mmoja ndani ya gari, nikakuta tofali. Chupa yenye kifuniko, kabatini, basi.

Zile kilo mbili za gundi? Nusu aliichukua mwalimu wa madrasa ya mtaani, akaikoroga na masizi kuwa wino wa kuandikia ubao. Nusu nyingine wanangu waliimumunya kidogo kidogo, kama wafanyavyo watoto wa wachungaji, mpaka kopo likabaki tupu.