Drili ya Betri kwa Kazi za Nyumbani: Wasomaji Wanauliza

SWALI: Tumehamia nyumba yetu wenyewe hivi karibuni, na kila ninapotaka kufunga fimbo ya pazia au kurekebisha bawaba ya kabati inanibidi nimwite fundi. Dukani nimeonyeshwa bisibisi ndogo ya betri ya volti 3.6, na pia drili ya betri iliyoandikwa ubavuni "48V", ambayo muuzaji anaisifu kuwa ina nguvu kuliko zote. Kaka yangu aliyeko Marekani naye ameahidi kunitumia drili ya huko. Nichukue ipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, bisibisi ya volti 3.6 ni nzuri kwa kufunga swichi, kukaza bawaba na kuunganisha kabati lililoletwa vipande vipande, lakini haitoboi ukuta wa tofali za saruji, na ukiipa skrubu ndefu kwenye mbao ya mninga itakwama katikati. Fimbo ya pazia hufungwa juu ya dirisha, mahali ambapo kwa kawaida lenta ya zege imepita, kwa hiyo kazi uliyoitaja kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Unachohitaji ni drili ya betri yenye nyundo, ambayo pete yake ya mbele ina alama tatu: ya skrubu, ya biti na ya nyundo.

Hiyo 48 isikubabaishe. Seli moja ya betri ya lithiamu hutoa wastani wa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika karibu 4.2. Drili inayoitwa ya volti 12 ina seli tatu, na ya 18 ina seli tano. Seli hizo hizo tano ndizo ambazo kampuni nyingine huziandika 20 au 21, kwa sababu wanahesabu betri ikiwa imetoka kwenye chaja sasa hivi. Ili betri ifike 48 kweli ingehitaji seli zipatazo kumi na tatu zilizopangwa kwa mfuatano, na mzigo huo hauingii kwenye betri ndogo uliyoonyeshwa. Mwombe muuzaji aichomoe betri, uigeuze na usome maandishi madogo: tafuta volti na namba iliyo kando ya herufi Ah (ampea-saa, yaani ujazo wa betri), kisha uzizidishe. Volti 18 mara 2 ni wati-saa 36, na hicho ndicho kiasi cha nishati unachonunua. Mahali ambapo hakuna maandishi hayo, au yamerudiwa tu maneno ya ubavuni, mimi ningeiacha mashine hiyo dukani.

Kwa nyumba ya tofali za saruji ningechagua drili ya volti 18 yenye gia mbili na betri mbili za Ah 2, badala ya betri moja ya Ah 4, ili moja iwe kwenye chaja wakati nyingine inafanya kazi. Umeme ukikatika baada ya hapo, bado una akiba. Mota zisizo na kaboni (vile vipande vinavyosuguana ndani ya mota na kulika) hudumu zaidi na hutumia chaji kwa uangalifu, lakini kwa mtu anayetoboa mashimo machache kwa mwezi, fedha hizo za ziada zina faida zaidi zikinunua biti nzuri za ukuta zenye ncha ya kabidi. Drili ya bei kubwa yenye biti butu hutoa moshi tu.

Hata ukiwa na drili hiyo, lenta itakusumbua kidogo. Toboa kwa nyundo, sukuma kwa nguvu ya wastani, na ukihisi biti imegota na haisogei tena, huenda umekutana na nondo. Hamisha shimo sentimita chache kando. Kama madirisha ni mengi, kodi kwa siku moja mashine ya nyundo ya mfumo wa SDS, kwa maana yenyewe hupiga kwa nguvu zake na haitegemei mabega yako.

Unapokaza skrubu, rudisha pete kwenye alama ya skrubu, kisha tumia pete ya namba iliyo jirani yake. Anza na namba ndogo: skrubu ikifika mwisho utasikia mlio wa ta-ta-ta na kichwa cha drili kitaacha kuzunguka, kabla hujaharibu mbao au kichwa cha skrubu. Kwenye mninga toboa kwanza kwa biti ya milimita 3 ikiwa skrubu ni ya milimita 4, la sivyo mbao itapasuka.

Kuhusu kaka yako, ofa ni njema ila chaja ndiyo tatizo. Chaja nyingi zinazouzwa Marekani ni za volti 120, na ukiichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230 itaungua. Hakikisha kwanza kwamba chaja ya kampuni hiyo, inayokubali betri za aina hiyo, inapatikana hapa nchini, ndipo umwambie alete drili na betri. Atakayesafiri nazo aweke betri za ziada kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linalokabidhiwa, na kila moja isizidi wati-saa 100. Ya volti 18 na Ah 5 ni 90, kwa hiyo inapita.

SWALI: Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ina kuta za mawe na chokaa. Drili ninayo, lakini shimo la milimita 8 huishia kuwa pana hadi plagi ya plastiki inazunguka ndani. Ninunue yenye nguvu zaidi?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Hapana, bibie au bwana, nguvu unayo ya kutosha; zima nyundo. Mawe ya matumbawe ni laini na chokaa iliyoyashika humomonyoka kwa mtikisiko. Tumia gia ya kwanza, anza na biti ya milimita 5, uichomoe mara kwa mara ili vumbi litoke, kisha umalizie na ya 8. Chagua plagi na skrubu ndefu zitakazopita lipu na kufika kwenye jiwe. Mashimo yaliyoharibika yazibe kwa chokaa na mchanga, na kwa kabati zito funga kwanza ubao mpana kwa skrubu kadhaa, kisha utundike kabati kwenye ubao huo.