Makala 212 za saratani: je, ndiye wa kumtibu mama?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama amegundulika kuwa na saratani ya matiti na amepangiwa upasuaji, kisha tiba ya kemikali. Kaka yangu amempata profesa mwenye makala 212 za saratani, zilizorejelewa (yaani kutajwa katika makala nyingine) zaidi ya mara 6,000, na h-indeksi yake ni 41. Ana tiba yake ya kulipia na anasema kisu hakihitajiki. Daktari wetu tumemtafuta, ana makala nne tu. Tumfuate nani?

JIBU: Marahaba. Mama asikose tarehe ya upasuaji. Hilo kwanza.

Swali hili hunifikia kwa sura mbalimbali, na karibu kila mara hesabu za makala hutajwa kabla ya hatua ya ugonjwa. h-indeksi ya 41 maana yake ni kwamba mtu ana makala 41 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 41. Basi. Aliyeipendekeza mwaka 2005, Jorge Hirsch, ni mwanafizikia. Kipimo hicho hakiulizi kama kuna mgonjwa aliyepata nafuu. Hata sababu ya kurejelewa hakiijui: makala inayotajwa ili ikosolewe inahesabiwa sawa na inayosifiwa, na mtu akijirejelea mwenyewe anaweza kujipandisha.

Miongoni mwa makala zilizorejelewa kuliko zote katika sayansi ni ya Lowry na wenzake ya mwaka 1951. Inaeleza namna ya kupima protini maabara, haitibu chochote. Kwa upande mwingine, Peyton Rous alionyesha mwaka 1911 kwamba uvimbe wa kuku unaweza kusababishwa na kirusi, na wenzake wengi hawakumjali. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1966. Mimi mwenyewe, makala yangu inayorejelewa kuliko zote ndiyo niliyoifanyia kazi kidogo kuliko zote. Nilitoa sampuli, jina likawekwa katikati ya orodha ndefu.

Sasa mwambie kaka afungue makala kumi za huyo profesa, azisome badala ya kuzihesabu. Jina lake liko wapi katika orodha ya waandishi? Katika fani yetu wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi, wa mwisho ndiye aliyeisimamia. Zinahusu seli kwenye vyombo vya maabara, panya, au watu? Seli zilizo peke yake zinauliwa na vitu vingi mno, hata sabuni. Mwaka 2012 Begley na Ellis waliandika kwamba wanasayansi wa kampuni ya dawa ya Amgen walijaribu kurudia matokeo ya tafiti 53 mashuhuri za saratani na magonjwa ya damu, wakafanikiwa kwa 6 tu. Na hizo zilikuwa tafiti mashuhuri!

Zipo pia za majarida uchwara, ambayo ukilipa unachapishwa bila mtu kuihakiki kazi yako kwa dhati. Hata majarida yenye jina hudanganywa: mwaka 2017 jarida la Tumor Biology lilifutiwa makala 107 kwa mkupuo, baada ya kubainika kuwa uhakiki wake ulighushiwa, wengine wakitumia anwani bandia za barua pepe za wahakiki.

Kinachonikera si wingi wa makala. Ni mtu kuzigeuza kibandiko cha chupa. Mtafiti mwenye tiba mpya anaijaribu kwa wagonjwa katika jaribio lililosajiliwa na kuidhinishwa na kamati ya maadili, na mgonjwa anasaini fomu inayotaja madhara. Mwombeni namba ya usajili. Akiwatumia orodha ya machapisho badala ya namba, au akidai fedha kabla hajaona hata majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, ondokeni. Wauza miti shamba wasio na cheti hata kimoja nao wamejifunza mbinu hii: wanabandika makala ya mtu mwingine kuhusu mmea fulani na panya, kisha wanataja bei. Nimewaona wagonjwa waliorudi hospitalini baada ya miezi sita ya tiba za namna hiyo, uvimbe uliokuwa wa kukatwa ukiwa umeshafika kwenye mifupa.

Daktari wenu mwenye makala nne muulizeni amefanya upasuaji wa matiti mara ngapi, ugonjwa uko hatua gani, na kama vipokezi vya homoni na HER2 (protini iliyo juu ya seli za saratani) vimepimwa, kwa sababu majibu hayo ndiyo yatakayochagua dawa za mama. Kaka naye awepo.