Jina la chuo halikujui wewe

Wiki iliyopita vijana wangu wawili wa fildi, yaani wanafunzi wa chuo walio kwenye mafunzo kwa vitendo, waligombana saa ya chai. Mmoja alimwambia mwenzake, kwa dharau, kuwa anasoma "chuo cha kata". Nikaweka kikombe chini. Huu ni mwaka wa tisa napokea wanafunzi wa fildi katika ofisi ya mipango ya halmashauri, na kila mwaka ugomvi ni uleule: chuo cha nani kikubwa, cha nani kimepanda kwenye orodha, kamba ya kitambulisho ya nani ina nembo nzito. Kamba zenyewe hawazivui hata wakienda kula ugali, na logibuku, daftari za kuandika kazi za kila siku, hazijajazwa tangu Jumatatu.

Nawapenda hawa watoto. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaoingia mwaka wa kwanza, na myasome haya kabla bumu, ile pesa ya mkopo, halijatoka, maana likishatoka hamsomi kitu.

1. Ulizeni jina la chuo lilitoka wapi. Chukueni Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Kwenye kile kilima kilihamia 1964, na chuo kikuu kinachojitegemea kikawa 1970. Ukongwe wa Makerere, iliyoanza 1922, hakikuwa nao. Kilikuwa na watu wenye hamu ya kubishana. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha historia pale na mjadala haukuishia darasani. Kina Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa rais wa Uganda, na Issa Shivji, aliyekuja kuwa profesa wa sheria, walikuwa wanafunzi tu kama ninyi. Wanafunzi wakaanzisha jarida lao, Cheche, wakalitoa wenyewe kwa mashine ya kurudufia, mpaka lilipopigwa marufuku 1970. Ukumbi wa Nkrumah wa pale ulichorwa kwenye noti ya zamani ya shilingi 500, na leo mnapiga picha mbele yake siku ya kwanza. Pigeni, ni pazuri. Ila heshima mnayoipigia picha waliijenga vijana waliokesha wakigeuza karatasi zenye wino mbichi.

2. Orodha za vyuo bora zisomeni mpaka kwenye vigezo. Ile ya Shanghai, iliyoanza 2003, inahesabu mambo kama tuzo za Nobel, medali za Fields za hisabati na makala zilizotoka katika majarida ya Nature na Science. Webometrics inaangalia zaidi chuo kinavyoonekana mtandaoni. Hakuna anayekuja kuhesabu seminari zenu zilizofanyika kweli, wala wiki anazokaa mhadhiri na kazi zenu kabla hajazirudisha. Hayo waulizeni walioko mwaka wa pili.

3. Kabla ya kuthibitisha udahili, hakikisha kozi yenyewe inatambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na bodi ya taaluma yako, si chuo tu.

4. Msiishi kwa jina la chuo. Hapa nina la kwangu, na chuo sikitaji.

Nilipochaguliwa, baba alichinja mbuzi. Mama alilitaja jina la chuo kanisani, watu wakageuka kunitazama, na nadhani siku ile niliamini kuwa kazi imekwisha. Miaka mitatu nilikaa viti vya nyuma. Nilisoma kwa madesa, yaani notisi za kunakili, tena madesa mazuri, na sikuwahi kuchukua sapu, mtihani wa marudio, hata moja. Nilimaliza na GPA ya 3.7. Mwisho wa korido yetu palikuwa na ofisi ya profesa aliyejulikana hata nje ya nchi, mtu ambaye kwa ajili yake wengine walikiomba chuo kile. Mlangoni alibandika karatasi: saa za wanafunzi, Jumatano, saa nane hadi saa kumi. Nilipita mbele ya karatasi ile kila siku nikielekea kwenye ngazi. Sikugonga. Nilijiambia nina haraka. Kwa kweli niliogopa ataniuliza kitu nisichokijua.

Miaka miwili baadaye ulitangazwa ufadhili wa uzamili, nao ulitaka wadhamini wawili wa kitaaluma. Nilisafiri kwa basi usiku kucha, saa nne asubuhi nikagonga kwa mara ya kwanza. Profesa alisimama, akanikaribisha, akauliza jina langu, akaliuliza tena. "Ulikuwa unakaa wapi darasani?" Nikasema nyuma. Akanitazama kwa muda, akijitahidi kweli kunikumbuka, na kule kujitahidi kwake kuliniuma kuliko kama angenifukuza. Mwishowe akasema, "Nitaandika ninachokijua."

Barua ile niliisoma nimesimama kituo cha daladala. Ilikuwa na mistari mitatu: kwamba nilikuwa mwanafunzi pale, miaka fulani, na kwamba katika somo lake nilipata B. Sahihi, muhuri. Rafiki yangu tuliyekaa naye chumba kimoja hosteli, GPA yake ilikuwa chini ya yangu, lakini Jumatano zake zote alikuwa kwenye mlango ule na daftari lenye maswali. Yeye aliandikiwa ukurasa mzima, akapata. Mimi sikupata, na mama aliponiuliza kwa nini, na chuo chetu ni kikubwa vile, sikuwa na jibu la kumpa.

5. Kwa hiyo wiki ya tatu, kabla ya testi ya kwanza, gonga mlango mmoja. Nenda na swali moja lililotokana na kitu ulichosoma mwenyewe, limeandikwa kwenye karatasi ili usibabaike.

Juzi niliwauliza wale wawili wanitajie wahadhiri wanaowajua kwa jina na kwa sura. Yule wa "chuo cha kata" alitaja watatu, na mmoja wao alikuwa amempigia simu Ijumaa kumuuliza fildi inakwendaje. Mwenzake alinyamaza. Baadaye, wenzake walipotoka, alirudi kuniuliza kama mwaka wa tatu umeshachelewa. Hujachelewa, mdogo wangu. Anza na logibuku yako, iko mezani kwangu, tupu tangu Jumatatu.