Je, mhasibu anaweza kuwa afisa ujasusi wa nje?

Swali: Nina miaka 23, namalizia shahada ya uhasibu. Nataka kuwa afisa wa ujasusi wa nje. Nianze kozi nyingine? Na mkopo nilionao utanikwamisha?

Jibu: Kozi usibadili. Idara hizi huajiri wahasibu, wanasheria na wahandisi, na mtu anayejua kufuata nyayo za fedha ana nafasi yake. Ongeza lugha ya kigeni, uijue kiasi cha kutaniana nayo.

Ila sinema zimewapotosha wengi. Anayeiba nyaraka kwa kawaida si afisa. Ni mtu wa ndani, tuseme karani wa wizara katika nchi inayopelelezwa. Afisa humtambua karani huyo, humzoea, humshawishi, kisha humlinda kwa miaka. Halafu anakaa chini kuandika, na hapo ndipo wengi hukwama. Taarifa lazima ioneshe kipi karani alikiona kwa macho yake, kipi alisimuliwa na kipi ni dhana ya afisa mwenyewe. Jipime: msikilize mtu nusu saa bila kalamu, kisha kaandike ukurasa mmoja ukitenganisha hayo matatu. Utatoka jasho.

Kuhusu mkopo, deni unalolipa vizuri halina shida. Wapekuzi, yaani wanaochunguza maisha ya mwombaji kabla ya kuajiriwa, wanaogopa deni lililofichwa au lililokuzidi kimo. Aldrich Ames, afisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985 akiwa amebanwa na madeni. Alikamatwa 1994, na katikati hapo alipimwa mara mbili kwa mashine ya kugundua uongo, akapita. Mimi mashine ile siiamini sana; taarifa ya benki husema zaidi. Kwa hiyo kwenye fomu taja kila kitu: madeni, safari, marafiki wa kigeni. Kosa la zamani husameheka, kulificha husameheka kwa shida.

Uraia wa nchi husika ni sharti, CIA na MI6, idara ya ujasusi wa nje ya Uingereza, zote ziko hivyo. Maombi hupitia tovuti rasmi. MI6 kwa miaka mingi ilichagua watu kimyakimya, hadi ilipotoa tangazo lake la kwanza la kazi mwaka 2006. Upekuzi unaweza kumaliza mwaka mzima, na muda wote huo hutakiwi kutangaza kwamba umeomba.

Barua yako ilikuja na jina kamili, chuo na namba ya simu. Vyote nimevifuta.